Kila Mtu Ana Dawa ya Kuku Wako: Umsikilize Nani?

Ujumbe ninaoletewa na wafugaji wadogo, wale wa kuku kumi au ishirini nyuma ya nyumba, hutofautiana maneno tu. Swali ni lile lile. Kuku ameanza kuzubaa na mbawa zimeshuka. Jirani amesema mpe shubiri, shemeji amesema mpe dawa ya unga ya dukani, mama mkwe amesema mchinjeni upesi kabla hajafa, na mwenye duka ameleta chupa ya tatu. Nimfuate nani?

Sikushauri uwakimbie watu hao. Wafugaji wanapokutana bombani, kijiweni, baada ya ibada au kwenye foleni ya mashine ya kusaga, huwa wanajua kabla ya ofisi yoyote kwamba kuku wa mtaa wa pili wameanza kufa. Wanajua nani ana jogoo mzuri, duka gani linauza pumba zenye mchanga, na mwewe anapita saa ngapi. Mfugaji asiyeongea na wenzake hufuga gizani. Lakini mazungumzo hayo yakipokelewa yote bila kuchujwa huua kuku, na yakiulizwa nusu nusu hayasaidii kitu. Makala hii inahusu namna ya kuuliza, namna ya kuchuja, na yale machache ambayo hayana mjadala.

Uliza kwa ukamilifu

Ukisema tu "kuku wangu hawatagi", mwenzako atakujibu kwa kuku wake yeye. Kuku wako hajawaona. Kabla ya kuuliza, awe jirani, afisa mifugo au mwenye duka la dawa za mifugo, uwe na haya mdomoni:

- Aina na umri: kienyeji halisi, chotara kama Kuroiler na Sasso, au wa mayai wa kisasa.
- Wako wangapi kwa jumla, wangapi wanaumwa, wamekufa wangapi, na ndani ya siku ngapi.
- Wanakula nini, na chakula kilibadilika lini. Gunia jipya lilifunguliwa wiki gani?
- Maji wanayapata wapi, na mchana wa jua huwa yamebaki au yamekwisha.
- Kinyesi: rangi yake, kama kina damu, kama ni maji matupu.
- Chanjo walizopata na tarehe zake.
- Kuku mgeni aliyeingia nyumbani ndani ya wiki 3 zilizopita, hata kama alikaa usiku mmoja tu.
- Dawa ulizokwisha kuwapa. Hili watu hulificha kwa aibu, na ndilo linalompoteza kabisa anayetaka kusaidia.

Maswali haya si ya urasimu. Kuku mmoja kuzubaa huku kumi na tisa wanachakura ni jambo tofauti na kuku watano kufa kwa siku mbili. Vifaranga wa wiki 3 hadi 6 wakihara damu kwenye banda lenye maranda mabichi, mtu mzoefu atafikiria koksidia kwanza. Uso ukivimba na pua kutoa ute wenye harufu mbaya, atafikiria mafua ya kuku. Vipele vikavu kwenye upanga na kope, ndui. Wakubwa kwa wadogo wakianguka kwa wingi, wanahara kijani, wanahema kwa shida, shingo zinapinda, hapo ni mdondo mpaka ithibitike vinginevyo.

Angalizo: kinyesi cheupe peke yake, au kuzubaa peke yake, hakutaji ugonjwa wowote. Anayekuambia "ah, hiyo nyeupe naijua" bila kuuliza umri wala chanjo anakisia.

"Nina kuku sita tu, daftari la nini?" Daftari la shule la kurasa chache linatosha, lining'inizwe kwenye msumari mlangoni. Andika tarehe ya chanjo, tarehe tetea alipoanza kulalia, gunia lilinunuliwa lini, nani alikufa na alikuwaje siku moja kabla. Kichwa hakikumbuki tarehe ya chanjo ya miezi minne iliyopita. Daftari linakumbuka.

Gawa ushauri mafungu matatu

*Fungu la kwanza, pokea leo.* Ni ushauri usiogharimu na usiodhuru hata ukiwa si sahihi:

- Osha vyombo vya maji kila siku na uvisogeze kivulini.
- Weka majivu makavu na mchanga mahali pa kuogea vumbi. Hupunguza utitiri na chawa.
- Toa maranda mabichi, hasa chini ya chombo cha maji.
- Ongeza viota. Kiota kimoja kwa tetea wanne au watano, sehemu yenye giza kidogo.
- Tenga anayeumwa mara tu unapomwona, kabla hujaanza kuuliza anaumwa nini.

*Fungu la pili, jaribu kwa wachache.* Majani ya mlonge, azola, funza wa kufuga, kubadili mashudu, majani ya mwarobaini ndani ya viota. Mengi ya haya yana faida. Lakini usimbadilishie kundi zima chakula asubuhi moja. Changanya kidogo kidogo kwa muda wa wiki nzima, au anza na kuku watatu ukiwaangalia. Na ukipewa fomula ya chakula, daima uliza kipimo. "Tia chumvi kidogo" imeua vifaranga wengi, kwa sababu kidogo cha huyu ni kiganja cha yule. Chumvi haipaswi kuzidi nusu kilo katika kilo 100 za chakula, na lazima ichanganywe sawasawa. Ukitumia dagaa wa chumvi au waliojaa mchanga, umeshaharibu hesabu.

*Fungu la tatu, kataa hata kama anayesema ni mkubwa wako:*

- Kupaka au kunyunyizia kuku dawa ya nyanya au pamba ili kuua utitiri. Sumu hiyo hupita kwenye ngozi na kuingia kwenye mayai. Dukani ipo dawa ya unga ya mifugo kwa kazi hiyo.
- Kuwapa kuku mahindi yaliyoota ukungu kwa hoja kwamba "binadamu hawezi kula lakini kuku anaweza". Sumukuvu huharibu ini la kuku, na hupunguza nguvu ya chanjo. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Si jambo la kubahatisha.
- Kuwapa vifaranga chakula cha kuku wanaotaga ili "wakue upesi". Chokaa iliyomo ni nyingi mno kwao na huumiza figo.
- Kupima dawa ya ng'ombe au ya binadamu kwa macho.
- Kuchinja, kula au kuuza kuku anayekaribia kufa.

Najua la mwisho ndilo gumu. Kuku ni fedha, na mkubwa anaposema "msipoteze nyama" si rahisi kumpinga. Mjibu kwa heshima: "Nimekusikia, mama. Huyu hatujui ana nini, na watoto ndio watakaokula. Naomba tumzike, nikuchinjie mzima Jumapili." Mara nyingi hilo hupokelewa. Shimo liwe refu kiasi kwamba mbwa hafukui, manyoya na matumbo yaingie yote, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Dawa za unga za dukani

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi zinapopotelea. Nyingi ya dawa hizo ni antibayotiki, na antibayotiki huua bakteria. Mdondo ni virusi, gumboro ni virusi, ndui ni virusi. Hakuna antibayotiki inayowagusa, hata ukibadili chupa mara tano. Kuku aliyepona baada ya kupewa dawa hiyo wakati wa mdondo alikuwa na kinga yake, na mwenye dawa akachukua sifa.

Kuna wakati dawa hizo zinahitajika kweli, kwa mfano mafua ya kuku au homa ya matumbo ya kuku. Ukipewa na mtaalamu:

1. Maliza siku zote alizosema, hata kama wamechangamka siku ya pili.
2. Soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kula mayai au nyama. Mayai ya siku hizo hayaliwi wala hayauzwi. Mtoto wa jirani anayetumwa kununua mayai mawili kwako ndiye unayemlinda.
3. Ondoa chombo kingine chochote cha maji wakati wa dawa, la sivyo hawanywi kipimo kilichokusudiwa. Kuku mkubwa hunywa takriban robo lita kwa siku, zaidi kukiwa na joto kali.

Mdondo: hapa hakuna ubishi

Huu ndio ugonjwa unaofuta kundi zima kwa wiki moja. Wengine huuita kideri. Katika sehemu nyingi za Tanzania hupamba moto miezi ya ukavu na upepo, na tena zinapokaribia sikukuu, wakati matenga ya kuku yanapopanda mabasi, baiskeli na bodaboda kutoka Singida na Dodoma kwenda mijini. Upepo hulaumiwa sana. Mara nyingi aliyeuleta ni kuku aliyenunuliwa, tenga lililoazimwa, au viatu vya mtu aliyetoka kwenye banda lenye ugonjwa.

Hauna dawa. Shubiri haiuponyi, pilipili haiuponyi, kitunguu saumu hakiuponyi. Nalisema waziwazi kwa sababu kila msimu wapo wanaopoteza siku tatu za mwanzo wakisaga majani, huku wazima na wagonjwa wakinywa chombo kimoja.

Chanjo ipo, tena rahisi. Inayowafaa zaidi wafugaji wa nyuma ya nyumba ni ile ya I-2, ambayo mbegu yake ilitoka Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia na hapa nchini hutengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Inastahimili joto kuliko chanjo za zamani kama La Sota, ambazo bila barafu huharibika upesi. Kustahimili joto hakumaanishi iachwe juani au kwenye dashibodi ya gari. Isafirishwe ikiwa imefungwa kitambaa chenye unyevu, kivulini.

Kinachowashinda wengi ni kwamba chupa moja hubeba dozi za kuku wengi kuliko ulio nao, na ikishachanganywa haihifadhiwi. Ndiyo maana nasema chanjo ya mdondo ni jambo la majirani. Nyumba sita au saba zikikubaliana siku moja, gharama ya kila kuku inakuwa ndogo sana, na mtaa mzima unapata kinga badala ya banda moja lililozungukwa na wagonjwa.

Namna ya kuifanya:

1. Chagueni miezi mitatu ya mwaka na msiibadilishe, kwa mfano Machi, Julai na Novemba. Mdondo huhitaji kurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 4.
2. Mtu mmoja akusanye fedha na idadi ya kuku wiki moja kabla, vifaranga wakiwamo.
3. Kuku wasifunguliwe asubuhi hiyo. Kuwafukuza uani saa nne ni kujichosha, na watakaoponyoka ndio watakaoumwa.
4. Changanya chanjo kama lebo inavyosema. Maji ya bomba yenye dawa ya kusafishia maji huiharibu. Kama lebo inaruhusu maji ya kawaida, tumia yaliyochemshwa yakapoa.
5. Tone moja kwenye jicho moja. Kipimo cha I-2 ni hicho hicho kwa kifaranga na kwa jogoo. Mshike mpaka apepese jicho na tone liingie.
6. Maliza siku hiyo hiyo. Kilichobaki kimwagwe shimoni na chupa ifukiwe.
7. Andika tarehe kwenye daftari kabla hamjaagana.

Chanjo hii haizuii kula nyama wala mayai. Kama unalea vifaranga wa chotara ulionunua wakiwa wa siku moja, wao wana ratiba yao: mdondo karibu siku ya 7, gumboro karibu siku ya 14, kisha marudio ya zote mbili, na ndui wakifikisha wiki 6 hadi 8 kwa sindano ya ubawa. Anayekuuzia vifaranga akupe ratiba kwa maandishi. Asipoweza kukupa, tafuta muuzaji mwingine.

"Nilichanja, wakafa hivyo hivyo"

Nalisikia hili mara nyingi, na anayelisema huwa hasemi uongo. Sababu huwa mojawapo ya hizi:

- Waliochanjwa walikuwa tayari wameambukizwa. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka, na chanjo haimponyi aliyekwisha kupata ugonjwa. Ndiyo maana tunachanja kabla ya msimu, si siku jirani anapolia.
- Chanjo ilipata joto njiani, au ilitunzwa tangu jana.
- Nusu ya kundi ilikuwa juu ya mwembe.
- Walichanjwa mara moja tu, mwaka juzi.
- Kilichowaua si mdondo. Homa ya matumbo, sumu ya panya, hata kiu huua kwa haraka.

Wakifa wengi kwa mkupuo, mwite afisa mifugo wa kata mapema, kabla hujawafukia wote. Mzoga mbichi wa saa chache humwambia mengi. Wa jana haumwambii kitu. Na kama bata na ndege wa porini nao wanaanguka, usiguse chochote kwa mikono mitupu, toa taarifa siku hiyo hiyo.

Maneno yaende, viatu vibaki

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Ukisikia kuku wanakufa kwa fulani, mpigie simu kumpa pole, usiende kuwatazama. Wafugaji hupenda kuoneshana mabanda, na mimi naupenda ukarimu huo, lakini virusi hutembea kwenye soli, kwenye trei za mayai, kwenye matenga na kwenye mikono iliyomfungua mdomo kuku mgonjwa. Kama ni lazima uende, badili viatu na uoge kabla ya kuingia kwenye banda lako.

Kuku mpya atengwe wiki 3, mahali ambapo hawapeani maji, chakula wala hewa ya karibu. Wiki 2 hazitoshi, kwa sababu mdondo unaweza kujificha hadi siku kumi na tano kabla ya kujionesha. Wahudumie wako kwanza, mgeni awe wa mwisho.

Vipi kuhusu zawadi? Mjomba ametoka kijijini na jogoo amemfunga miguu, kambeba kwapani safari nzima. Humrudishi jogoo huyo, na humweki uani mbele ya macho yake ili afurahi. Mpokee kwa mikono miwili, mshukuru, mweke stoo au jikoni. Kama ni wa kuchinjwa, achinjwe mapema. Kama ni wa kufugwa, mweleze mjomba wazi kwamba anakaa peke yake kwanza. Watu wa kijijini wamezika kuku wa mdondo mara nyingi kuliko sisi wa mjini, ataelewa.

Tetea wa kulea, jogoo wa kuazima

Desturi ya kumpa ndugu au jirani tetea amlee, kisha mgawane vifaranga, imewainua akina mama wengi kutoka kuku sifuri. Pia ndiyo chanzo cha ugomvi usioisha, kwa sababu watu huona haya kutaja masharti. Tajeni siku ya kwanza, mbele ya mtu wa tatu:

- Vifaranga hugawanywa lini: wakiangua, au wakitenganishwa na mama?
- Nani analipa chanjo?
- Tetea akifa kwa ugonjwa, hasara ni ya nani? Akiliwa na kicheche kwa banda lisilofungwa, je?
- Mayai yanaliwa, au yote yanalaliwa?
- Tetea anarudi lini kwa mwenyewe?

Jogoo wa kuazima akubaliwe kwa masharti yale yale ya wiki 3. Bora zaidi mbadilishane mayai ya kutotolesha, ingawa mayai nayo yachaguliwe kutoka kwa kuku wazima, kwani ugonjwa wa pulorumu hupita kutoka kwa mama hadi kwa kifaranga ndani ya yai. Jogoo mmoja anatosha tetea wanane hadi kumi. Binti zake wakianza kutaga, muuze au mbadilishane na mtu wa mbali kidogo. Majogoo wa mtaa mmoja mara nyingi ni ndugu, na kizazi cha baba na binti huanza kuonesha mayai yasiyoanguliwa na vifaranga dhaifu.

Kama una chotara wanaotaga vizuri lakini hawalalii, tetea wa kienyeji wa jirani ndiye mashine yako. Mwekee mayai 10 hadi 13 usiku, yasiyozidi siku 7 hadi 10 tangu yatagwe, yaliyotunzwa mahali pa baridi ncha ikiwa chini. Siku ya 7 yamulike kwa tochi gizani. Yasiyo na mishipa yatoe. Siku ya 21 wanatoka. Ukichanganya mayai ya kanga, yao huchukua siku 26 hadi 28, na tetea atanyanyuka na vifaranga wake akiyaacha. Kila jamii ilaliwe peke yake.

Mayai yamekata

Kabla hujanunua chochote, pita hapa:

- Je, wanataga kwa siri? Wafungie mpaka saa tano asubuhi kwa siku tatu, utajua.
- Wananyonyoka manyoya? Wanapumzika, na huwezi kuwalazimisha.
- Kuna anayetaka kulalia na amewafukuza wenzake kiotani?
- Kagua ngozi chini ya mkia usiku kwa tochi: utitiri hufanya tetea akimbie kiota.
- Maji yalikwisha mchana? Siku moja tu bila maji inaweza kukata mayai kwa siku nyingi.
- Kuna mwizi wa mayai? Kenge, nyoka, panya, au mtoto wa nyumba ya pili.

Maganda yakiwa laini, wape maganda ya konokono yaliyosagwa kwenye chombo cha pembeni. Maganda ya mayai nayo yanafaa, ila yaokwe na kusagwa kabisa; wakiyatambua, watajifunza kula mayai.

Vifaranga na jiko la mkaa

Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi joto 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Huna kipimajoto? Watazame. Wakibanana chini ya jiko au taa wanalia, ni baridi. Wakikimbilia kuta wamefungua midomo, ni joto. Wakisambaa na kulala ovyo ovyo, usiguse kitu.

Jiko la mkaa liwashwe nje mpaka moshi uishe na mkaa uwe mwekundu, na chumba kiwe na nafasi ya hewa juu. Moshi usioonekana umeua vifaranga, na umeua watu waliolala chumba kimoja na vifaranga. Usilale nao.

Ukiwa na safari au msiba

Anayebaki na kuku wako aoneshwe kwa mikono, si kwa simu ukiwa stendi. Mwachie chakula kilichopimwa kwa kopo moja ambalo halibadiliki, mwoneshe kufuli na tundu ambalo kicheche hupitia, mwambie yupi analalia na ataangua tarehe ngapi. Mwachie namba ya afisa mifugo na fedha kidogo ya dharura, pamoja na ruhusa ya kuitumia bila kukupigia. Mayai ya siku hizo ni yake. Ukirudi na kukuta mmoja amekufa, anza na asante.

Jirani asiyefuga naye ana haki zake. Kinyesi kitolewe kila wiki, kikaushwe au kipewe mwenye bustani. Kuku wafungiwe msimu wa kupanda. Jogoo alale ndani ya banda lenye giza ili asiwike dirishani kwa mtu saa tisa usiku.

Mwenzako akipoteza wote

Usimwambie "ungechanja". Anajua. Kwa wengi, hasa akina mama, kuku wale walikuwa sare ya shule, kiingilio cha kikoba na nauli ya hospitali, na vimekwenda vyote ndani ya wiki. Mpigie simu, msikilize, kisha msaidie kwa mpangilio huu:

1. Mizoga yote izikwe au ichomwe. Manyoya yafagiliwe, maranda yachomwe.
2. Banda lioshwe kwa maji na sabuni kwanza, kwani dawa ya kuua vijidudu haifanyi kazi juu ya kinyesi. Kisha dawa, kisha chokaa kwenye kuta na sakafu.
3. Vyombo vianikwe juani.
4. Banda likae tupu angalau mwezi mmoja. Hapa ndipo haraka huwarudisha watu mwanzo: huruma ya ndugu huleta tetea wiki ya pili, na wiki ya nne naye ananyong'onyea.
5. Waliopona wasiuzwe kwa majirani. Wanaweza kuendelea kutoa virusi kwa muda.
6. Aanze na wachache waliochanjwa wiki mbili au zaidi kabla ya kuhamishwa, tetea wawili au watatu, na aingizwe kwenye orodha ya mtaa ya mwezi wa chanjo unaofuata.

Kama wewe ndiye unayempa tetea hao, wachanje kwako, uandike tarehe kwenye karatasi, na karatasi hiyo iende pamoja nao.